Probox ya kilomita 243,600, oili ya giaboksi haijawahi kubadilishwa: niimwage au niiache?

Bi Nguru, Mtwara

Habari za jioni wadau. Naombeni mnivumilie, nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu majibu mafupi nimeshapewa mengi na ndiyo yaliyoniweka njia panda.

Mimi nauza samaki. Alfajiri nakuwa feri, vyombo vikishaingia nachagua nguru, changu na kolekole, napanga kwenye maboksi na barafu, na kukikucha niko barabarani kwenda Masasi kwa njia ya Mnazi Mmoja, Mtama na Ndanda. Safari mbili kwa wiki, kwenda na kurudi kama kilomita 400 kila moja. Wiki nyingine napandisha na Newala. Gari ni Toyota Probox ya mwaka 2005, injini 1NZ, otomatiki ya gia nne. Nililinunua Lindi kwa mwalimu mmoja likiwa na kilomita 161,000. Leo nimeangalia, 243,600.

Oili ya injini nabadilisha kila kilomita 5,000 bila kukosa, daftari ninalo. Ya giaboksi sijawahi kuigusa. Yule mwalimu siku ananikabidhi ufunguo aliniambia, "Giaboksi hii tangu iteremke melini hakuna aliyeifungua, na wewe usiifungue." Nikalishika neno lake.

Sasa tangu mwezi uliopita, asubuhi nikiweka R gari linasita, halafu linashtuka, ndipo linarudi nyuma. Likishapata moto hali inakuwa nafuu. Na kwenye mlima wa Newala nikiwa na mzigo, gia zinapanda, zinashuka, zinapanda, zinashuka, hazitulii. Kugoma halijawahi kugoma.

Nimeuliza mafundi wawili. Wa hapa Mtwara, kijana tu lakini ana vifaa, anataka anioshee giaboksi yote kwa mashine ya presha siku moja, oili ya zamani itoke hadi tone la mwisho. Wa Masasi, mzee wa makamo, kaniambia nikithubutu kuitoa oili ile gari linakufa, maana imeshakaa ikawa sehemu ya giaboksi. Na mimi mwenyewe nina mfano nyumbani: Noah ya kaka yangu ilimwagwa oili, haikumaliza wiki tatu ikapoteza rivasi kabisa. Aliiuza kwa bei ya kusikitisha.

Oktoba minada ya korosho inaanza. Wakulima wakilipwa ndipo Masasi na Newala wananunua samaki kwa uzito, na mimi naenda safari nne kwa wiki hadi Januari. Fedha ya kununua giaboksi nyingine ya mtumba sina, na nikikaa nyumbani msimu ule ada za watoto sijui nitazitoa wapi. Ndiyo maana nauliza sasa, tukiwa bado Septemba.

Nimwage au niache? Na kama ni kumwaga, yote au kidogo kidogo?

Kijana wa Nachingwea

Dada usiguse. Nakuambia kwa uchungu. Carina ya baba ilikuwa na kilomita laki mbili na themanini, inatembea safi. Fundi akamshawishi abadilishe oili, ndani ya mwezi mmoja ikaanza kuteleza, injini inalia gari haliendi. Endesha hivyo hivyo msimu upite, ukipata fedha ndipo ufikirie.

Fundi wa Mnazi Mmoja

Dada Bi Nguru, umeeleza vizuri kuliko wateja wangu wengi. Nimefanya kazi ya giaboksi za otomatiki miaka kumi na tisa, nane Dar es Salaam na kumi na mmoja hapa Mnazi Mmoja, na swali lako naulizwa karibu kila wiki. Naomba nisikujibu ndiyo wala hapana kabla hujanipa habari tatu nitakazokuomba hapa chini. Lakini kwanza nieleze, ili ukienda gereji usipelekwe pelekwe.

Oili ya giaboksi ya otomatiki, wengine mnaiita haidroliki, haifanani kazi na ya injini. Hii ndiyo inayobeba nguvu ya injini ndani ya tobo konveta, kile kiungo kati ya injini na giaboksi. Ndiyo inayosukuma klachi zibane kila gia inapobadilika. Inalainisha, na inabeba joto kulipeleka kwenye rejeta lipoe. Ikichoka, vyote hivyo vinachoka pamoja. Na kinachoichosha zaidi ya kilomita ni joto. Probox yenye maboksi ya barafu na samaki kupanda Newala mwezi wa kumi na moja, giaboksi inachemka kuliko ya bwana anayeendesha IST kutoka Shangani hadi kazini.

Ndani yake kuna klachi za pleti nyembamba nyingi, zimebandikwa utando wa msuguano. Kila zikibana zinaacha unga kidogo, na unga ule unabaki unaelea kwenye oili. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ugomvi wote ulipo. Yule mzee wa Masasi hakudanganyi. Ameyaona kwa macho. Klachi zikishakwisha, unga ule wa kwenye oili ya zamani huenda unazisaidia kung'ata. Ukiweka oili mpya, msaada ule umeondoka, klachi zinaweza kuteleza. Tena oili mpya ina dawa ya kusafisha, inabandua uchafu ulioganda miaka mingi, na kipande kidogo kikienda kuziba njia kwenye valvu bodi, ile sehemu inayogawa oili kwa kila gia, ambako njia zenyewe ni nyembamba, gia moja inapotea.

Lakini jiulize magari yale yaliletwa gereji yakiwa katika hali gani. Watu wengi wa kwetu hawakumbuki oili ya giaboksi mpaka gari limeanza kuteleza. Linapelekwa likiwa tayari mahututi, linamwagwa oili, linakufa baada ya wiki tatu, na oili ndiyo inayozikwa na lawama. Nakuhakikishia nusu ya Noah nilizozifungua zikiwa "zimeuawa na oili mpya", klachi zake zilikuwa nyeusi kama mkaa kwa kuungua kwa muda mrefu.

Kwa hiyo kilomita 243,600 peke yake hainiambii kitu. Nataka kujua hali. Nifanyie haya.

Safari ya kesho ukirudi gari likiwa limepata moto, simama mahali pa tambarare. Acha injini inaunguruma, kanyaga breki, pitisha gia zote taratibu kutoka P hadi L, rudisha P. Bila kuzima injini, chomoa kijiti cha oili ya giaboksi, kifute, kirudishe chote, kichomoe tena usome upande ulioandikwa HOT. Watu wengi wanapima injini ikiwa imezimwa, kwa Toyota yako hapo utadanganyika. Niambie imefika wapi. Kisha dondosha matone kwenye karatasi nyeupe, niambie rangi, na uinuse. Nusa kweli, usione haya.

Pili, hesabu muda. Gari likiwa limepata moto, injini imetulia kwenye saileni bila kukanyaga mafuta, handibreki juu, mguu kwenye breki. Tumia saa ya simu. Kutoka N kwenda D, tangu uhamishe mpaka usikie gari limeshika, ni sekunde ngapi? Pumzika dakika moja, rudia, fanya mara tatu uchukue wastani. Kisha N kwenda R vivyo hivyo. Kipimo cha Toyota ni chini ya sekunde 1.2 kwa D na chini ya 1.5 kwa R.

Tatu, mlimani, zile gia zikipanda na kushuka, je, kuna wakati injini inapandisha mlio na gari halivuti? Au gari linavuta, ila gia ndiyo haitulii? Hilo la kwanza ni klachi kuteleza. La pili mara nyingi ni gia ya nne kushindwa mzigo, na dawa yake ni kubonyeza kitufe cha O/D ili libaki gia ya tatu mpaka umalize mlima.

Ile mashine ya presha, kwa gari lisilo na historia kama lako, mimi sikushauri. Inatibua uchafu wote kwa mkupuo mmoja.

Msafiri wa Kilwa

Naongezea kwa wengine watakaosoma hapa: someni kwanza gari lenu lina giaboksi ya aina gani. Mimi nina X-Trail ya CVT, ile ya mkanda wa chuma. Hiyo haitaki ATF, yaani oili ya otomatiki ya kawaida, kabisa, ina oili yake, na kwa Nissan inaandikwa NS-2 au NS-3 kulingana na toleo. Kuna mtu hapa Kilwa Masoko aliwekewa ATF nyekundu ya kawaida kwenye CVT kwa sababu muuzaji alisema "zote ni haidroliki". Hakufika Nangurukuru. Probox ya dada ni gia za kawaida, iko salama kwa hilo, ila msome kilichoandikwa kwenye kijiti kabla ya kununua.

Bi Nguru, Mtwara

Fundi, ahsante sana. Nimesoma jibu lako mara tatu, na jana nimefanya yote, binti yangu ndiye aliyeshika simu.

Kijiti: oili haijafika hata mstari wa chini wa HOT. Nimerudia mara nne nikidhani nimekosea. Iko chini kabisa, inagusa ncha tu juu ya COLD. Rangi ni ya hudhurungi, kama chai ya rangi iliyokolea sana, ukiiangalia kwenye karatasi bado unaona wekundu pembeni ya tone. Harufu ni ya oili nzee, lakini haijaungua. Ninajua harufu ya kuungua, nilishaunguza klachi ya gari la gia za mkono la marehemu baba nikijifunza. Haiko hivyo.

Muda: D ni 1.1, 1.2, 1.1. R ni 1.9, 2.0, 1.8.

Mlimani gari linavuta, haliachii. Kitufe cha O/D sikuwahi kujua kazi yake miaka miwili yote, nilidhani ni cha mapambo ya taa ile ndogo ya dashibodi.

Kwenye kijiti imeandikwa ATF TYPE T-IV.

Halafu nimejilaza chini ya gari kwa tochi. Kuna unyevunyevu wa oili kwenye hozi inayotoka giaboksi kwenda rejeta, pale inapobanwa na kibano. Kibano chenyewe kimeliwa na kutu. Sioni tone chini, lakini pamelowa na vumbi limegandia.

Fundi wa Mnazi Mmoja

Umenifurahisha sana. Sasa nina jibu.

Giaboksi yako imepungukiwa oili. Ikipungua, pampu inanyonya hewa pamoja na oili, presha inachelewa kupanda, na R kwa kawaida ndiyo inayolalamika mwanzo kwa sababu inahitaji presha kubwa kuliko D. Hizo sekunde mbili zako huenda zinatokana na hilo kuliko uzee wa klachi. D iko 1.1, oili haina harufu ya kuungua, gari halitelezi mlimani. Klachi zako zina uhai.

Na inapotoka umeshaipata mwenyewe. Maji ya barafu ya samaki yana chumvi, upepo wa bahari una chumvi, vibano na mabomba ya chuma vya magari ya Mtwara vinaliwa kabla ya wakati. Badilisha vibano vyote na hozi zote mbili. Za rejeta ya oili, si hozi ya mafuta ya petroli, watu wanazichanganya.

Kwa hali hii nakwambia: mwaga, kwa hatua. Kwa kufungua nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, peke yake, giaboksi yako inatoa kama lita tatu hivi. Inayobaki, karibu kiasi hicho hicho, imekaa kwenye tobo konveta na njia za ndani, haitoki. Hiyo ndiyo faida yako. Oili mpya inaingia nusu, klachi zinaizoea, uchafu unalegea pole pole. Endesha kama kilomita 1,000 hadi 1,500, mwaga tena tatu. Rudia mara ya tatu. Mara ya kwanza una nusu mpya, ya pili robo tatu, ya tatu karibu saba kwa nane. Inatosha kabisa, usihangaike na tone la mwisho.

Mara ya kwanza mwambie fundi ateremshe sampu yote, asiishie kwenye nati. Ndani kuna sumaku. Nataka uzione kwa macho yako, usisimuliwe. Zikiwa na tope la kijivu laini, kama grisi ukisugua kati ya vidole, hiyo ni kawaida ya kilomita hizo. Ukikuta vipande vya chuma vinavyochoma kidole, au vijipande vyeusi vya utando wa klachi vimejaa chini ya sampu, funga, jaza oili mpaka kipimo, na usiendelee na hatua ya pili. Hapo endesha tu huku unatafuta giaboksi nyingine.

Chujio badilisha likiwa wazi, pamoja na gasketi ya sampu. Boliti za sampu ni ndogo, zinakazwa kwa mkono mwepesi na kwa kuvukana, moja huku moja kule. Fundi mwenye hasira anaikunja sampu na inavuja mpaka kesho kutwa.

Oili inunue kwenye kopo lililofungwa, T-IV kama kijiti kinavyosema. Wakikupa WS wakidai ni mpya zaidi, kataa. Ni nyepesi na Toyota hawaichanganyi na T-IV. Na ya kupimiwa kutoka kwenye pipa usiiweke kwenye giaboksi yako hata wakikupa bure.

Kawaida mteja hujaza kiasi kile kile alichotoa. Wewe usifanye hivyo, kwa kuwa ilikuwa pungufu. Jaza kiasi ulichotoa, washa, pitisha gia, tembeza gari lipate moto, ndipo uongeze kidogo kidogo mpaka ifike katikati ya HOT. Ikizidi nayo ni tabu, inatoa povu.

Kijana wa Nachingwea

Fundi sikupingi, ila Carina ya baba haikuwa ikiteleza kabla. Mimi ndiye niliyekuwa naiendesha. Iliteleza baada.

Fundi wa Mnazi Mmoja

Ndugu yangu, sitasema unakosea, sikuiona. Nijibu mambo mawili. Waliweka oili gani, na walipima vipi baada ya kujaza?

Kijana wa Nachingwea

Waliweka ya kopo jeusi, jina silikumbuki. Walipima injini imezimwa. Nilikuwepo.

Fundi wa Mnazi Mmoja

Kwa giaboksi ya Toyota, ukipima injini imezimwa oili inarudi chini kwenye sampu na kijiti kinaonyesha imejaa wakati imepungua sana. Inawezekana baba yako aliondoka gereji akiwa pungufu ya lita nzima au zaidi, na mwezi mmoja wa namna hiyo unatosha kuchoma klachi zilizokuwa nzima. Pole sana. Najua ilikuwa gari la familia.

Kijana wa Nachingwea

Miaka sita tumeilaumu oili. Nitamwonyesha baba haya maandishi.

Mzee wa Mikindani

Mwanangu Bi Nguru, mimi ni dereva mstaafu, nimeendesha njia ya Dar es Salaam tangu wakati tunavuka Rufiji kwa kivuko, kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa 2003. Fundi amesema vyema. Nina swali moja tu, nalo usilidharau. Kwenye rejeta unaweka maji gani?

Bi Nguru, Mtwara

Shikamoo mzee. Maji ya kisima cha nyumbani. Nilikuwa naongeza kila Jumapili.

Mzee wa Mikindani

Marahaba mwanangu. Ndilo nililoliogopa. Visima vya kwetu pwani vina chumvi, ukichemsha chai unaionja. Ndani ya tangi la chini la rejeta kuna kipoza oili, bomba la giaboksi linapita katikati ya maji ya injini. Chumvi ikilila bomba lile, maji yanaingia kwenye oili ya giaboksi na oili inaingia kwenye maji. Corona yangu ilikufa hivyo 2009. Nilipovuta kijiti, oili ilikuwa ya waridi, nzito, kama maziwa yaliyotiwa sharubati. Utando wa klachi umegundishwa kwa gundi, ukilowa maji unabanduka wote. Kilichonitia uchungu ni kwamba rejeta mpya ingenigharimu sehemu ndogo sana ya giaboksi.

Umesema oili yako ni ya hudhurungi na bado ina wekundu, basi Mungu amekuhifadhi. Lakini kabla hujaweka oili mpya, fungua kifuniko cha rejeta asubuhi ikiwa baridi kabisa. Tazama juu ya maji kama kuna mafuta yanayoelea. Kisha mwaga yote, suuza, weka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, na kisima usikirudie.

Fundi wa Mnazi Mmoja

Mzee, umenikumbusha jambo ambalo nilipaswa kuliuliza mwanzo. Dada, fanya kama mzee alivyosema, na ufanye kabla ya oili. Ukikuta mafuta juu ya maji, usinunue hata lita moja ya T-IV mpaka rejeta ibadilishwe.

Bi Nguru, Mtwara

Wadau, nimerudi. Wiki mbili zimepita, nilitaka niwe na la kusema.

Rejeta: hakuna mafuta yaliyoelea. Lakini maji yaliyotoka, jamani. Rangi ya udongo mwekundu wa Makonde, na chini ya beseni kulibaki chenga za kutu. Tumesuuza mara nne mpaka yakatoka meupe. Fundi alipoikagua rejeta kwa nje aliona mguu mmoja wa chini umeanza kuota ukungu wa kijani kwenye maungio. Anasema inaweza kunivusha msimu huu, lakini nisiipeleke hadi mwaka ujao. Nimeweka kulanti. Dumu la maji ya kisima nimelitoa kwenye gari.

Kazi ya giaboksi nimemfanyisha yule yule kijana wa Mtwara mwenye mashine ya presha. Nilimwonyesha maelezo ya fundi kwenye simu, nikamwambia mashine yako iache leo, tutafanya hivi. Mwanzo alinuna kidogo, halafu akasoma hadi mwisho, akaniomba nimtumie. Nilisimama pembeni ya shimo la gereji tangu nati ya kwanza hadi ya mwisho, na samaki sikuchukua siku hiyo.

Kwa kuwa chombo cha kupimia hakikuwepo, tulimimina oili iliyotoka kwenye chupa za maji za lita moja na nusu. Ya kwanza ilijaa, ya pili ikafika chini ya nusu. Lita mbili na kidogo, badala ya tatu. Kijana alikaa kimya akiziangalia zile chupa, kisha akasema, "Mama, umetembea na hii hadi Newala?"

Sumaku ziko nne. Zote zilikuwa na tope la kijivu, nene kama unga wa muhogo uliokandwa. Nilivua pete nikalisugua mwenyewe kwa vidole. Laini, halichomi. Chini ya sampu kulikuwa na masizi membamba, hakuna kipande. Nilipiga picha nikamtumia kaka yangu mwenye Noah, akanipigia simu hapo hapo, tukaongea muda mrefu kuhusu gari lake. Naye hakuna aliyemwonyesha sumaku. Hakujua kama zipo.

Chujio na gasketi niliagiza Dar es Salaam, vikaja na basi. Hozi mbili na vibano vinne vipya nilipata hapa hapa Mtwara. T-IV makopo manne ya lita moja, nimeangalia kila kifuniko. Tulijaza lita tatu kwanza, tukalipasha moto gari kwa kwenda Mikindani na kurudi, tukapima injini ikiunguruma, tukaongeza mpaka katikati ya HOT. Ilikula karibu lita tatu na nusu.

Sasa matokeo, niseme ukweli kama yalivyo. R asubuhi ya kwanza ilikuwa sekunde 1.5. Bado kuna mshtuko, mdogo, ninausikia kwenye kiti, lakini kile kisito cha mwanzo kimeondoka. Baada ya safari mbili za Masasi nimepima tena: 1.4, 1.4, 1.3. D haijabadilika. Jumamosi nilipanda Newala na maboksi sita, nikabonyeza O/D chini ya mlima. Gari lilishika gia ya tatu likapanda nayo hadi juu bila kuhangaika. Nilifika sokoni nikakaa kidogo ndani ya gari kabla ya kufungua mlango wa nyuma.

Kijiti nakivuta kila Jumapili sasa, badala ya lile dumu. Hozi ni kavu.

Yule mzee wa Masasi nilimpelekea nguru mmoja na nikamweleza yote. Hakukasirika. Aliniuliza sumaku zilikuwaje, nikamwambia, akatikisa kichwa, akasema gari zote alizoziona zikifa hazikuwahi kupimwa kwanza. Ameniomba nipite nikimaliza mara ya pili ajionee mwenyewe oili itakayotoka.

Hiyo itakuwa kwenye 245,500, kwa hesabu yangu wiki ya kwanza ya Oktoba, kabla minada haijachangamka. Zile chupa mbili nimezifunga vifuniko, nimeandika kilomita na tarehe kwa kalamu ya wino, ziko juu ya kabati la jikoni zinasubiri ya tatu nije nilinganishe rangi.

Fundi wa Mnazi Mmoja

1.4 baada ya hatua ya kwanza ni nzuri sana. Ukipita Mnazi Mmoja kwenda Masasi simama, nataka niione ile hozi ilivyofungwa, sitakutoza kitu. Na ukifika 245,500 usifungue sampu tena, fungua nati tu.

Bi Nguru, Mtwara

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi nitakuwa hapo, fundi. Nitakuachia changu wawili.